Begi la Kuingia Nalo Ndani ya Ndege: Tulichague Vipi?

 

Mwezi huu tunaongea habari ya begi. Mtu atasema, jamani, begi nalo ni habari? Ndiyo, ni habari. Siku ya safari ikifika, mali yote ya familia inagawanyika mara mbili. Kuna mizigo inayochukuliwa pale kaunta na kwenda tumboni mwa ndege, na kuna begi dogo unaloingia nalo mwenyewe na kuliweka juu ya kiti chako au chini ya miguu. Ule wa tumboni unaweza kuchelewa siku mbili tatu, hasa pale mnapobadilisha ndege njiani. Hili la mkononi ndilo litakalokulaza usiku wa kwanza ugenini. Ndani yake mna dawa ya mtoto, karatasi za familia, sweta na namba za simu. Ukilichagua vibaya, unaweza kuambiwa mlangoni kwamba ni kubwa mno, likachukuliwa likaenda chini pamoja na dawa na karatasi.

Wengi wameshatuuliza maswali haya: ninunue begi gani, la kiasi gani, na niweke nini? Majibu tumeyakusanya hapa. Yanawafaa wanaohamishiwa nchi ya tatu, wanaokwenda kuungana na mume, mke au watoto, na vijana waliopata nafasi ya kusoma nje.

MGONGONI AU LA MAGURUDUMU?

Vijana wanapenda begi la magurudumu. Kwa kweli linapendeza, ukilivuta kwenye sakafu laini linakwenda lenyewe. Lakini tupige hesabu kidogo.

Kampuni nyingi za ndege zinakuruhusu kilo 7 tu za mkononi. Begi dogo la magurudumu, likiwa tupu, mara nyingi lina kilo 2 na nusu au 3 na zaidi, kwa sababu ya vyuma, magurudumu na ule mkono wa kuvutia. Hapo umebaki na kilo 4. Begi la mgongoni la kitambaa kizuri, tupu, ni kama kilo 1. Umebaki na kilo 6. Hizo kilo 2 ulizookoa ni sweta, maziwa ya mtoto na nepi.

Jambo la pili ni mikono. Mama aliyebeba mtoto mchanga, anayemshika mwingine mkono, na ambaye bado anatakiwa kuonyesha karatasi, atavuta begi kwa mkono upi? Begi la mgongoni linamwachia mikono yote miwili. Na viwanja vikubwa vya ndege vina mwendo mrefu, ngazi, na wakati mwingine mnapanda basi la kuwapeleka kwenye ndege mkiwa mmesimama. La mgongoni halisumbui.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa familia nyingi ni la mgongoni. Mzee mwenye maumivu ya mgongo, yeye achukue la magurudumu, lakini lililo jepesi kabisa, na mtoto mkubwa amsaidie.

NAMBA TATU ZA KUKUMBUKA: 50, 35, 20

Kila kampuni ina vipimo vyake, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Tuangalie ndege zinazotoka hapa Entebbe, kwa abiria wa daraja la kawaida:

Ethiopian Airlines: begi moja, sentimita 55 kwa 40 kwa 23, kilo 7.

Qatar Airways: begi moja, sentimita 50 kwa 37 kwa 25, kilo 7.

Turkish Airlines: begi moja, sentimita 55 kwa 40 kwa 23, kilo 8.

Brussels Airlines: begi moja, sentimita 55 kwa 40 kwa 23, kilo 8.

KLM: begi la sentimita 55 kwa 35 kwa 25, pamoja na kifuko kidogo, vyote viwili visizidi kilo 12.

Mnaona zinavyotofautiana. Ukinunua begi la urefu wa 55, Ethiopian watalipokea, lakini Qatar urefu umezidi. Ukinunua la upana wa 40, Turkish ni sawa, KLM siyo. Na wewe mara nyingi hujui utapanda ndege ya kampuni gani mpaka tarehe inakaribia, maana tiketi hukati wewe.

Sasa chukueni kipimo kisichozidi chochote kati ya hivyo kila upande: urefu 50, upana 35, unene 20. Begi la namba hizo linaingia kwenye ndege zote tulizotaja hapo juu. Uzito uwe kilo 7, na hutasumbuliwa na yeyote kati ya hao. Kwa hesabu ya lita, begi la 50 kwa 35 kwa 20 ni lita 35. Mabegi mengi ya mgongoni yameandikwa lita ndani, kwenye kitambaa kidogo karibu na zipu. Ukiona 30 au 35, endelea kuliangalia, kisha hakikisha kwa tepu. Ukiona 60 au 70, hilo ni la wapanda milima, liache hata kama bei yake ni tamu.

Mtajiuliza, kwa nini hawa watu wa ndege wasikubaliane kipimo kimoja? Walishajaribu. Mwezi wa Juni 2015 chama cha kampuni za ndege duniani, IATA, kilitoa pendekezo la kipimo kimoja cha sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Abiria walipiga kelele, hasa Marekani ya Kaskazini, kwamba wanapunguziwa nafasi na kulazimishwa kununua mabegi mapya. Mwezi huohuo IATA wakasimamisha pendekezo lao. Basi mpaka leo kila kampuni ina kipimo chake. Vipimo hivi pia hubadilishwa, kwa hiyo tiketi ikitoka, soma au omba usomewe sehemu ya mizigo. Ukiona 1PC maana yake ni mzigo mmoja wa kupakiwa chini, 2PC ni miwili. Ukiona 30K ni kilo 30. Hiyo ni mizigo ya chini, msiichanganye na ya mkononi.

KUPIMA NYUMBANI BILA MASHINE

Kwa urefu na upana, azima tepu ya fundi cherehani. Pima begi likiwa limejaa, siyo likiwa tupu. Begi tupu lina unene wa 20, ukilijaza nguo linafura kama puto na kufika 28. Pima pia mifuko ya nje, mikono na magurudumu, maana uwanjani wanapima kila kitu kinachojitokeza. Pale uwanjani kuna kifaa kama kikapu cha chuma. Wakikwambia tumbukiza begi, ni lazima liingie lote bila kusukumwa kwa goti.

Kwa uzito, nenda sokoni kwa muuza maharage au mchele umwombe mizani yake dakika moja. Wengi hawakatai. Kama huna mizani kabisa, tumia maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jaza kidumu cha lita 5 na chupa mbili za lita moja moja, vifunge pamoja. Hizo ni kilo 7 na kidogo. Shika maji mkono huu na begi mkono ule, kisha ubadilishane mikono. Ukiona begi linavuta zaidi kuliko maji, toa kitu. Siyo mizani ya dukani, lakini itakuepusha na aibu ya kufungua begi sakafuni mbele ya foleni ya watu.

UKIFIKA OWINO, ANGALIA NINI?

Hapa Kampala wengi wetu tutanunua Owino, yaani soko la St. Balikuddembe pale karibu na Nakivubo, au kwenye maduka ya Kikuubo. Mabegi ya mitumba ni mazuri sana, wakati mwingine kuliko mapya, kwa sababu yalishonwa yadumu. Lakini usinunue kwa macho tu.

Zipu. Ifungue na kuifunga mara kumi, haraka na polepole, hasa kwenye kona. Zipu inayokwama ukiwa na nafasi sokoni, siku ya safari itakatika. Ikiwa nzito kidogo tu, pakaa sabuni ya mche au mshumaa, italainika.

Mikanda ya mabegani. Shika begi kwa juu na uvute mkanda kwa nguvu kwenda chini. Angalia mshono pale mkanda unapoungana na begi. Hapo ndipo mabegi mengi yanapofia. Kama kila kitu kingine ni kizuri, mpe fundi viatu aongeze mshono wa uzi mnene. Ni kazi ya muda mfupi.

Chini. Ligeuze, weka mkono ndani na tazama kama mwanga unapita.

Mfuko wa ndani. Tafuta lenye mfuko wa kufungwa kwa zipu upande unaogusa mgongo wako. Karatasi na fedha zikae huko, siyo mfuko wa nje ambao mtu nyuma yako kwenye foleni anaufikia.

Rangi. Usinunue begi la mabaka-mabaka ya jeshi, hata kama ni zuri na rahisi. Hapa Uganda raia kuonekana na vitu vinavyofanana na vya jeshi ni matatizo na polisi. Na mabegi meusi yamejaa kila mahali, kwa hiyo funga kipande cha kitenge kinachoonekana mkononi mwa begi. Familia nzima mkitumia kitenge kimoja, mtahesabu mabegi yenu chapchap.

Nenda na tepu yako mfukoni. Muuzaji atakwambia, nnyabo, hili linaingia ndege zote. Mwambie asante ssebo, halafu pima mwenyewe.

NINI KIINGIE NDANI?

Swali la kujiuliza ni hili: mizigo ya chini ikichelewa siku tatu, tutahitaji nini? Hicho ndicho kiingie.

Kwanza dawa. Mtu wa presha, wa sukari, wa pumu, anayetumia dawa za kila siku za aina yoyote, aziweke mkononi zote, zikiwa kwenye pakiti au chupa zake zenye jina, pamoja na karatasi ya daktari. Usimwage vidonge ndani ya kijaluba kisicho na jina.

Pili, karatasi: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya shule na vya kazi, kadi za chanjo za watoto. Ziweke ndani ya faili la plastiki. Piga picha za kila karatasi kwa simu na umtumie ndugu unayemwamini.

Tatu, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, na sweta kwa kila mtu. Ndani ya ndege ni baridi, na ukifika Toronto au Oslo mwezi wa Januari utajua kwa nini tumesema.

Nne, simu, chaja, na betri ya akiba ya kuchajia simu. Betri hizi ni lazima ziwe mkononi. Haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya chini, kwa sababu zikiwaka moto huko hakuna wa kuzima. Ile isiyozidi wati-saa 100, kama 27,000 mAh hivi, kwa kawaida inakubaliwa. Iliyo kubwa zaidi inahitaji ruhusa ya kampuni ya ndege. Jueni pia kwamba chaja zetu za hapa za pini tatu za bapa zinaingia Uingereza, lakini haziingii kwenye kuta za Kanada wala Ulaya bara.

Tano, picha za familia. Nguo utapewa nyingine, lakini picha ya bibi aliyebaki kijijini huwezi kuipata dukani.

Sita, daftari dogo lenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Simu inazima, inaibwa, inaanguka.

NINI KISIINGIE?

Kisu, wembe, mkasi mrefu, bisibisi: hivyo viende chini. Vikikutwa mkononi vitachukuliwa.

Halafu yapo majimaji. Mwezi wa Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa vitu vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Novemba mwaka huo Ulaya ikaweka sheria, na nchi nyingi zikafuata: chupa isizidi mililita 100, na chupa zote ziingie ndani ya mfuko mmoja mwangavu wa lita 1. Viwanja vingine siku hizi vina mashine mpya na vimelegeza, lakini wewe huwezi kujua ni kipi mtapita, kwa hiyo fuata ile ya 100.

Na hapa akina mama wengi hushtuka. Siyo maji na soda tu. Mafuta ya kujipaka na vaselini vinahesabiwa. Mawese yanahesabiwa. Asali inahesabiwa. Hata siagi ya karanga, ile odii yetu, viwanja vingi vinaihesabu kama majimaji, kwa sababu inapakaa. Kopo zima la odii uliyosaga mwenyewe kwa upendo litaishia kwenye pipa la takataka. Maziwa ya mtoto na dawa za maji zinaruhusiwa kuzidi kiasi cha safari, lakini zitoe uzionyeshe mwenyewe kabla hawajauliza.

Chakula ni habari nyingine. Nchi za Umoja wa Ulaya zinakataza abiria wanaotoka nje kuingia na nyama na maziwa, hata nyama iliyokaushwa. Australia unatakiwa kutaja kila chakula ulichonacho kwenye fomu, na ukificha unatozwa faini. Mkate na biskuti za kula njiani, kuleni humo humo ndani ya ndege.

Na la mwisho, ambalo ni kubwa kuliko yote: usibebe mzigo wa mtu. Jirani akija usiku na kifurushi kidogo, eti umpelekee shangazi yake, mkatalie kwa heshima. Kikikutwa na dawa za kulevya, begi ni lako na jela ni yako.

MFUKO WA IOM HAUINGII KWENYE BEGI

Wanaosafirishwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, hupewa ule mfuko wa plastiki wenye herufi za shirika. Wengine wanauona kama aibu, wanataka kuukunja na kuuficha ndani ya begi. Tafadhali, msifanye hivyo. Mfuko ule ndio unaowafanya wafanyakazi wa viwanja vya njiani wawatambue na kuwasaidia. Ndani yake mna karatasi za safari na za medikali ambazo maafisa wa uhamiaji watazidai mkifika. Bahasha zilizofungwa msizifungue. Mfuko ukae mkononi au shingoni mwa mkubwa wa familia tangu Entebbe mpaka mwisho wa safari, hata chooni aende nao.

WAKISEMA BEGI LIENDE CHINI

Hata ukiwa na begi la kipimo sawa kabisa, ndege ikijaa unaweza kuambiwa mlangoni kwamba nafasi za juu zimekwisha, mabegi mengine yaende chini. Hii hutokea kwa kila mtu, siyo kwa wakimbizi tu. Usigombane, lakini uwe tayari.

Ndiyo sababu tunasema: weka begi ndani ya begi. Tafuta kifuko kidogo cha kitambaa chenye kamba, fundi cherehani anaweza kukushonea kwa kipande cha kitenge. Ndani yake weka dawa, karatasi, simu, betri ya akiba, fedha, miwani. Kifuko hicho kikae juu kabisa ndani ya begi kubwa. Ukiambiwa begi liende chini, unakichomoa, unakivaa shingoni, na begi liende na amani.

FAMILIA YENYE WATOTO

Mtoto aliyefikisha miaka 2 ana kiti chake, na kwa kawaida ana haki ya begi lake la mkononi. Familia ya watu sita wenye viti ina mabegi sita, kilo 42. Hiyo siyo kidogo. Lakini msimpe mtoto wa miaka mitano kilo 7 abebe, maana mtaishia kubeba begi na mtoto. Mpeni begi lake la shule lenye sweta, nguo moja na kitu cha kuchezea. Kilo 2 zinatosha. Mtoto mchanga asiye na kiti, kampuni nyingi zinamruhusu mfuko wa nepi na chakula chake, lakini ulizeni.

Dawa na karatasi zisikae zote kwenye begi moja. Nakala ziwe kwa baba na kwa mama. Na ndani ya begi la kila mtoto weka karatasi yenye jina lake, jina la mzazi na namba ya ndege. Uwanja wa Addis Ababa au wa Doha ni kama mji. Mtoto akipotea, karatasi hiyo itasema kwa niaba yake.

ENTEBBE IMESHAONA MENGI

Siyo sisi wa kwanza kuondoka kupitia Entebbe na maisha yetu ndani ya begi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua Stansted, Uingereza, tarehe 18 Septemba 1972. Maduka, nyumba na viwanda vilibaki, na wengi walinyang'anywa vitu vya thamani kwenye vizuizi vya barabara ya Entebbe.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1982, Uganda ilitunga sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zilizochukuliwa, na katika miaka ya 1990 wengine walirudi kudai. Hapo kilichohitajika ni ushahidi kwamba nyumba au duka lilikuwa lako. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe uliyeacha shamba Masisi au nyumba Bunia, kama una hata karatasi moja inayotaja shamba hilo, usiiweke kwenye valizi la chini. Kaa nayo. Huenda siyo wewe utakayeihitaji, ni mwanao.

NA KAMA SAFARI HAIJAFIKA?

Tunajua wako wasomaji ambao habari hii inawauma. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimeshapangwa zikafutwa. Kwa mwaka wa serikali yao ulioanza Oktoba 2025 nafasi zilizotangazwa zilikuwa 7,500 tu, na nyingi zikatengewa Waafrika Kusini weupe. Ziko familia zilizokuwa zimeshauza vitanda, sufuria na hata magodoro. Begi likabaki limefungwa kwenye kona, na watoto wanauliza kila siku tunaenda lini.

Kwa ajili yao tunasema mambo matatu.

La kwanza, msiuze vitu vya nyumba wala kumtoa mtoto shule kwa sababu ya intavyu au medikali. Subirini tarehe ya ndege, na hata ikitoka, kitanda na sufuria viuzwe mwisho kabisa.

La pili, nunua begi litakalokufaa hata usiposafiri. Hili la lita 35 la mgongoni ni begi la shule, ni begi la mwanafunzi wa ufundi, ni begi la mama anayekwenda sokoni. Kama limekaa kwenye kona, litoe, mpe mtoto alitumie. Halipungui kipimo kwa kutumika. Karatasi tu ndizo zibaki kwenye faili lake, mahali pakavu, mpaka siku itakapofika.

La tatu, kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure. Hakuna anayeruhusiwa kukuuzia nafasi, kuharakisha jina lako, wala kukuuzia begi maalumu la wasafiri. Akija mtu wa namna hiyo, hata akiwa na kitambulisho shingoni, msimpe shilingi, na mtoe taarifa kwa UNHCR.

KWA UFUPI

Kata sehemu hii uibandike ukutani:

1. Begi la mgongoni, sentimita 50 kwa 35 kwa 20, likiwa limejaa.
2. Kilo 7, zisizidi.
3. Dawa, karatasi, sweta, simu, betri ya akiba na picha viwe mkononi.
4. Chupa za mililita 100 tu. Odii, asali na mawese siyo mkononi.
5. Kifuko kidogo chenye vitu muhimu kikae juu kabisa.
6. Mfuko wa IOM mkononi au shingoni, siyo ndani ya begi.
7. Usibebe mzigo wa mtu.

Msomeeni habari hii na jirani asiyejua kusoma, na bibi aliye na safari karibu. Wanaosafiri mwezi huu tunawatakia safari njema na kufika salama. Mnaosubiri, tunasubiri pamoja nanyi.